Jiko la Bluu la Mama Mkwe

Ijumaa, 4 Julai. Kang'ata.

Nashukuru nimeamka mzima. Ugali niliojipikia jana umeungua chini na ni mbichi juu. Nimeula hivyo hivyo. Nashukuru meno ninayo.

Fausta, mke wangu, bado yuko kwao Vugiri, huko milimani juu ya Korogwe, anamuuguza mama yake. Si ugonjwa hasa. Ni baridi! Ukungu unaingia ndani asubuhi bila hodi na hautoki mpaka mchana. Mama mkwe ameshindwa kulala kitandani mwake. Analala kwenye kibanda cha jikoni, karibu na mafiga, na juzi kanga yake imeshika moto pembeni. Fausta amepiga simu na kusema wazi: hashuki Handeni mpaka mama yake alale chumbani mwake bila kutetemeka. Halafu akauliza kama nimeshapiga lipu kile chumba chetu cha uani. Sikuelewa chumba cha uani kinaingiaje hapo. Fausta huruka kutoka jambo hadi jambo.

Sasa sikia. Benedicto, mwanyumba mwenzangu, yaani aliyemuoa Grasiana dada yake Fausta, amepeleka blanketi. Lile zito lenye picha ya chui. Benedicto anauza mbao Mashewa, ana pikapu, ana sauti ya kutangaza misiba. Mama mkwe amesimama kanisani akamshukuru mbele ya waumini wote! Mimi mwaka jana nilipeleka mananasi. Hakuna aliyesimama.

Lakini namshukuru Mungu kwa kunipa akili. Blanketi linatunza joto la mtu. Mimi nitapeleka joto lenyewe. Jiko la kuni la kupasha chumba, lenye bomba la moshi! Nimeona picha kwenye simu: Wazungu wamekaa mbele ya jiko la chuma, nje theluji, paka amelala kifudifudi. Hakuna anayetetemeka, hata paka. Mama mkwe atapata joto, Fausta atarudi, na mimi nitakula ugali ulioiva. Kisha Vugiri nzima itataka jiko kama hilo. Benedicto na chui wake watajua hawajui.

Jumamosi, 5 Julai. Chanika.

Nimekwenda kwa Hashim, fundi wa kuchomelea. Namshukuru Hashim, ana moyo mzuri. Ila ana maswali mengi kuliko padri wa kitubio.

Alikuwa na majiko mawili. La kwanza la chuma kizito, mlango unafunga vizuri, bomba refu. Baya. Jeusi tii. La pili alikuwa hajalimaliza: pipa la bluu, limetobolewa mlango. Bluu ya anga! Nikalipenda papo hapo. Hashim akauliza chumba kina ukubwa gani. Sijui. Dari ni ya nini? Sijui. Kitanda kiko upande gani, dirisha upande gani? Sijui. Akaweka chini miwani yake ya kuchomelea. Akauliza inakuwaje mtu hajui nyumba ya mama mkwe wake.

Nikamwelewesha. Kwa desturi ya kina Fausta, mkwe hakanyagi chumbani kwa mama mkwe. Hata kuchungulia ni aibu. Tangu nioe, mimi na yeye tunasalimiana kwa mbali, macho chini, basi. Mengine yote yanapitia kwa Fausta, hata tukiwa tumekaa uani wote watatu. Na akiwa chumbani mwake hanijibu neno, hata nikiita kutwa nzima. Hiyo ndiyo heshima. Hashim akauliza: kwa hiyo unanunua jiko la chumba usichokijua? Nikamwambia joto halichagui chumba.

Akaanza mahubiri. Pipa lichomwe kwanza nje mpaka rangi iishe. Bomba lipande juu kuliko paa. Lisiguse mbao wala kitu kinachoshika moto. Chini ya jiko pawekwe matofali. Kuni ziwe kavu. Dirisha lisifungwe lote. Nikaitikia kila kitu. Kisha nikamwomba akate bomba nusu, maana zima halipandi kwenye gari. Akashika kichwa. Nikamwambia na rangi asiiguse, rangi ndiyo biashara yenyewe.

Nashukuru kwa marafiki wanaojali.

Jumatatu, 7 Julai. Korogwe, kisha Vugiri.

Sabasaba. Watu wamepumzika, mimi niko njiani na pipa. Nashukuru tulifika Korogwe salama, pipa juu ya gari, mimi chini nikiliwaza.

Stendi, balaa! Pipa, bomba, na mwenyewe ana haraka. Mgambo mmoja akalizunguka, akalinusa. Akaniuliza kwa upole kabisa gongo yangu napikia wapi. Nikasema hili ni jiko la mama mkwe. Akauliza, kumbe muuzaji ni mama mkwe? Watu wakajaa. Mzee mmoja aliyevaa vizuri tu akanivuta pembeni, akanong'ona kama naweza kumwekea chupa moja.

Roho ilikuwa juu. Nikajiona nalala mahabusu na pipa langu. Mara honi. Pikapu. Benedicto! Akashuka akicheka mpaka tumbo likacheza. Akamwambia mgambo kwamba ananifahamu, mimi ni shemeji, na kwamba gongo siwezi kupika kwa sababu gongo inataka akili. Mgambo akanitazama kidogo, akakubali mara moja. Hakutaka hata ushahidi.

Nilimshukuru Benedicto. Ilibidi. Akapakia pipa kwenye pikapu na kunipandisha mlimani. Njia nzima aliuliza nusu nyingine ya bomba iko wapi. Akasema ana vipande vya mbao kavu, ataleta vya kuwashia. Nikamwambia yeye ni mtu wa mbao, moto aniachie mimi.

Mama mkwe tumemkuta jikoni, amejikunja karibu na mafiga, chui begani. Amekonda. Nilimwamkia kwa mbali, akaitikia, sauti ndogo kama inatoka kisimani. Iliniuma. Nilikuwa nimekuja kumshinda Benedicto, nakiri, lakini pale nilitaka tu yule mama apate joto. Ndiye aliyenipa Fausta, na mahari nilipopungukiwa hakusema kitu.

Jumanne, 8 Julai. Vugiri.

Leo tumefunga jiko. Nasema tumefunga, lakini aliyefunga ni Fausta. Mimi nilisimama nje, mgongo ukutani karibu na dirisha, nikimwelekeza bila kugeuza shingo. Benedicto naye ni mkwe, naye haruhusiwi. Alisimama upande wa pili wa dirisha, mgongo ukutani, akielekeza kinyume. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda hapo uani. Akamwambia Fausta amwambie mume wake na amwambie shemeji yake wapunguze sauti, majirani wameshaanza kuvaa wakidhani kuna msiba.

Nikamuuliza Fausta jiko limekaa wapi. Akasema kati ya kitanda na kabati, kwingine hakuna nafasi. Nikauliza dari ni ya nini. Akasema ni viroba vya mbolea vilivyoshonwa, na bomba limevigusa. Nikauliza limevigusa kwa namna gani. Akasema kama watu wanaosalimiana. Nikasema salamu si ugomvi, endelea.

Bomba likatokea kwenye tundu juu ya dirisha, likaishia papo hapo chini ya paa. Benedicto akasema moshi utarudi ndani. Nikamjibu moshi ukishatoka umetoka, utarudi kufuata nini?

Tukawasha. Ile rangi! Bluu iligeuka kahawia, kahawia ikageuka povu, povu likatoa moshi mweusi, na Fausta akatoka mbio akifuatwa na kuku aliyekuwa ametagia chini ya kitanda. Mama mkwe naye akainuka kwenye kigoda akakimbia mpaka kwenye migomba. Baadaye akamwambia Fausta aniambie kwamba anashukuru sana, mwaka huu alikuwa hajakimbia, na sasa miguu imepata joto.

Nimeipokea kama sifa. Ni mwanzo mzuri.

Jumatano, 9 Julai. Vugiri.

Nitaandika yote kwa mpangilio.

Asubuhi nilishukuru kwamba rangi imeungua yote na jiko halinuki tena. Fausta na mama yake wakaenda kwenye jumuiya. Nikabaki mwenyewe. Benedicto alikuwa ameacha zile mbao zake kavu barazani. Sikuzigusa! Nilikata kuni mbichi za mkaratusi nyuma ya nyumba, Fausta akazipanga ndani ya jiko aliporudi. Lakini kabla hawajarudi nilifanya jambo moja la akili. Nilizunguka nyumba nikaona joto litatorokea wapi. Nikaziba kwa nje: nyufa za dirisha kwa matambara, chini ya paa kwa udongo wenye majani, na ubao wa dirisha nikaupigilia misumari. Hakikubaki kipenyo cha sisimizi. Sikuchungulia ndani hata mara moja. Heshima yangu safi.

Mama mkwe aliporudi akalitazama dirisha. Akamwambia Fausta aniulize moto huu utavuta pumzi wapi, na yeye atavuta wapi. Nikamwambia Fausta amwambie mama asiwe na wasiwasi, mambo hayo yamezingatiwa. Nilisema hivyo. Yamezingatiwa!

Mchana ukungu ukashuka mzito. Moto ulikuwa unawaka, ukifukafuka kidogo. Mama mkwe akajifunika chui akalala kitandani mwake, kwa mara ya kwanza tangu Mei. Fausta akaniangalia kwa jicho zuri ambalo sijaliona siku nyingi, akashika ndoo akaenda kisimani. Mimi nikakaa barazani nikijipongeza. Nikaanza kupanga nani Vugiri nitamuuzia jiko la pili.

Nikaona moshi chini ya mlango. Mdogo. Nikasema hodi. Kimya. Nikasema, mama, hodi. Kimya. Nikafikiri, ni sawa, hajibu kwa sababu mimi ni mkwe. Nikasema tena. Kimya. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, maana nilikuwa sina njia ya kujua. Kimya cha heshima na kimya cha mtu aliyezimia vinafanana! Nikaita Fausta, kisima kiko mbali. Nikagonga. Nikakohoa kwa adabu. Mungu wangu, nilikohoa kwa adabu wakati mama wa watu anakufa.

Pikapu ikafika. Benedicto akaja mbio, akaona moshi, akasimama mlangoni, naye akasema hodi! Tukasema hodi wote wawili. Tukatazamana. Wanaume wazima wawili, mlango haujafungwa hata kwa komeo.

Nikapiga moyo konde. Nikafumba macho kabisa, nisione nisichotakiwa kuona, nikaingia. Nikajigonga kabatini. Nikakanyaga yai. Moshi ulinikaba koo. Nikapapasa kitandani, nikashika blanketi, zito, nikalivuta kwa nguvu zangu zote bila kujua kama kuna mtu ndani yake. Lilikuwa na mtu. Nililiburuta mpaka uani, nikimwomba Mungu, nikimwomba radhi mama mkwe, nikimwomba radhi marehemu baba mkwe. Blanketi halikuchanika. Nalishukuru lile blanketi, naandika hapa kwa mkono wangu. La kwangu lingechanika.

Nyuma yangu viroba vya dari vilishika moto. Benedicto naye aliingia, akavivuta chini, akavikanyaga, akavimwagia maji ya kuoshea vyombo. Sikumwona. Nilikuwa bado nimefumba macho, nimepiga magoti kwenye matope, nalia. Nikasikia mtu anakohoa. Nikasikia anatapika. Nikasikia anavuta pumzi ndefu. Halafu sauti ile ndogo, kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake, ikaja kwangu moja kwa moja bila kupita kwa mtu:

"Ernesti, fungua macho. Tuko nje."

Alhamisi, 10 Julai. Vugiri.

Yu hai! Yu hai! Nashukuru mpaka sina maneno.

Muuguzi Serafina wa zahanati alikuja kumwangalia tena asubuhi. Kichwa kinamuuma bado, lakini anakunywa uji. Kisha Serafina akanigeukia mimi. Amesema moshi unaouona ni rafiki, maana unakukimbiza. Adui ni ile hewa mbaya ya moto uliokosa pumzi, haionekani, hainuki, inakulaza usingizi ukiwa unaota ndoto nzuri. Amesema jiko la mkaa ni hivyo hivyo, wala nisifikirie. Nilikuwa naanza kufikiria. Sijui alijuaje.

Fausta haongei nami. Analeta chai, anaiweka chini, anaondoka. Nashukuru kwa chai.

Kulikuwa na suala la desturi. Nimeingia chumbani kwa mama mkwe na nimemkumbatia, ingawa ndani ya blanketi. Nikasema niko tayari kwa faini yoyote, kitenge, jogoo, mbuzi. Mama mkwe akamwita Fausta, akafungua mdomo kumtuma kama kawaida, akaufunga. Akasema aah, tumeshavuka huko. Akaniambia mwenyewe, uso kwa uso: faini yangu ni kung'oa kila msumari niliopigilia kwenye dirisha lake, kwa mikono yangu, yeye akiangalia.

Nikang'oa. Aliangalia mpaka wa mwisho.

Jumapili, 13 Julai. Vugiri.

Kanisani mama mkwe amesimama! Amemshukuru Mungu kwa wakwe zake wawili, mmoja aliyeleta blanketi na mmoja aliyeliburuta. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Ametaja jina langu. Ernesti! Kanisa zima limesikia! Benedicto alinipiga bega likakaribia kuchomoka. Nimegundua si mtu mbaya. Sauti tu.

Baada ya misa akatangaza uamuzi. Benedicto atamjengea sehemu ya moto ya matofali sebuleni, mahali ambapo kila mkwe anaruhusiwa kufika, bomba lipite juu ya paa, mbali na mbao. Kazi hiyo itachukua muda. Pipa langu limewekwa chini ya mchirizi wa paa likinge maji ya mvua, na linavuja pale kwenye mlango. Wakati wa baridi hii, mama mkwe atashuka kukaa kwetu Kang'ata, kwenye joto.

Nikasema ni wazo zuri ajabu, kwa nini hatukulifikiria mapema? Fausta akanitazama kwa muda mrefu. Akaniuliza nilidhani alikuwa ananiulizia lipu ya chumba cha uani kwa ajili ya nani.

Nashukuru kwa mke mwenye subira.

Jumapili, 20 Julai. Kang'ata.

Nashukuru. Nyumba imejaa. Leo nimekula ugali ulioiva, na dagaa, na mlenda. Mama mkwe anakaa uani kwenye jua, miguu ameinyoosha, hata kikohozi kimekwisha. Tunaongea siku hizi. Ananiita mwanangu. Jana alinieleza jinsi marehemu mume wake alivyowahi kutengeneza kitanda kikubwa kuliko mlango, na tulicheka mpaka Fausta akaja kuona kuna nini. Siku tuliyofika, Benedicto alishusha mizigo, akala, akazungukazunguka nyumba na nyundo yake, akaondoka. Sijui alikuwa anatengeneza nini.

Tatizo ni moja. Mbu. Vugiri hawapo wengi hivi, na mama hajazoea. Analalamika kidogo, kwa upole, chandarua kinambana. Na mimi siwezi kukaa nikimtazama anateseka. Nimepata wazo! Kopo kubwa la rangi, makaa kidogo chini, juu majani mabichi ya mkaratusi yafuke. Moshi mzito. Unaliweka chini ya kitanda. Mbu wote kwisha. Nikifanikiwa naanza kuyauza Handeni nzima, kisha Korogwe, kisha Mashewa, mlangoni kwa Benedicto mwenyewe.

Kitu muhimu ni mbu wasitoroke. Nimekwenda kukagua dirisha la chumba chake, kwa nje, na nimekuta ajabu. Ubao wa dirisha haupo! Umeng'olewa na bawaba zake. Nimemuuliza mama, akasema ndiyo, alimtuma Benedicto auondoe siku ile ile tuliyofika, na auchukue aende nao Mashewa. Nikauliza kwa nini. Akasema anapenda hewa. Kisha akaangalia kopo nililoshika, akacheka sana, akanishika mkono akaniombea baraka.

Maskini mama, uzee. Sitambishia. Kesho akienda jumuiya nitapigilia ubao mwingine, mzito zaidi. Nashukuru ile misumari ya Vugiri nilirudi nayo yote.